Mbwa Aitwaye Juta

Lumemo, Ifakara
17 Juni 1956

Dada Klementina,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, maana kiti chetu kimoja kilichobaki kizima amekikalia mama. Hatujambo. Mpunga tumeshavuna, si haba, ingawa upande wa mtoni nguruwe walitutangulia. Jirani yetu Balbina amejifungua mtoto wa kiume, ana kichwa kikubwa lakini anasema ni akili. Mguu wa mama bado unavimba. Anakusalimia wewe, shemeji Fridolin na Brigita mdogo.

Sasa nikupe habari ya kukuchekesha. Tuna mbwa. Yule Mzungu fundi wa daraja alikwenda likizo kwao Uswisi na mkewe, akamwacha mbwa wao kwa mpishi, Melkiori, amtunze. Melkiori akamfunga kamba nyuma ya banda la kuku, na tangu siku hiyo akaona kazi imekwisha. Jumapili moja mama anatoka misa, anapita pale Kibaoni, akasikia kilio. Akadhani ni mtoto. Mama yetu, ambaye hata kwa Balbina hupiga hodi mara tatu, aliingia uani kwa mtu bila hodi, akachukua kisu cha jikoni cha Melkiori mwenyewe akaikata kamba. Ilikuwa imeingia shingoni mpaka nyama inaonekana. Melkiori akaanza kujieleza, mama akamwambia, "Nyamaza, bado nina kisu." Akamfunga mbwa ndani ya kanga yake ya kanisani, akaja naye akichechemea njia nzima. Akaniambia, "Huyu nitamlea mpaka mwenyewe arudi. Usiulize."

Basi sikuuliza. Ni mdogo, miguu mifupi, mweupe mwenye baka la kahawia jichoni, manyoya magumu, na mkia wameukata, sijui kwa kosa gani. Mpishi anasema aina yake huitwa teria. Kidonda tumekiosha kwa maji ya chumvi, kinafunga. Wiki ya pili akaingia ghalani akatoa panya kumi na mmoja, akawapanga mlangoni mmoja mmoja. Ni jike. Jina lake Juta.

Hayo tu. Gauni la Brigita nimelikata, bado kushona.

Mdogo wako,
Apolonia


Kimamba
12 Agosti 1956

Mdogo wangu Apolonia,

Barua yako ilikaa njiani wiki sita, nami nimekaa nayo wiki mbili ili hasira ipoe. Haijapoa. Sisi wazima. Fridolin sasa ni karani wa mizani hapa shambani, mkonge wote unapita mbele yake. Brigita alikohoa, amepona. Umesikia, basi sasa nisikilize.

Juta! Mmekosa jina? Mimi na wewe tumezaliwa nyumba moja, usinifanye mgeni. Kwetu mbwa hapewi jina bure. Mzee Teofili alipogombana na ndugu za mkewe alimwita mbwa wake Mtasema, na kila alipomwita jioni wakwe walijua wanaambiwa wao. Sasa mama anasimama uani asubuhi na jioni anaita "Juta! Juta!", Lumemo nzima wanasikia, na nani asiyejua ni nani aliyeambiwa ajute?

Siku ile nilipotoka kwa Masista ili niolewe na Fridolin, mama alisimama mlangoni akaniambia neno moja: "Utajuta." Wewe ulikuwapo, una ndoo mkononi. Miaka saba nimelibeba neno hilo. Nilidhani yeye amelitua, kumbe amelifuga na kulilisha.

Mwambie sijajuta. Nina mume asiyelewa na nyumba ya bati. Nina mtoto niliyempa jina la mama yangu, na mtoto huyo ana miaka minne hajabebwa na bibi yake hata siku moja. Lakini mbwa wa Mzungu kabebwa kwa kanga ya kanisani! Ndiyo, naona wivu. Namwonea wivu mbwa, andika hivyo, msomee mama, mcheke wote.

Na tena: mama anasema nini juu yangu? Nimekuuliza katika barua tatu. Kila mara unaniandikia "mama anakusalimia". Hata karani wa posta ananisalimia.

Mimi dada yako,
Klementina


Lumemo, Ifakara
9 Septemba 1956

Dada yangu,

Shikamoo, na upoe. Nilipoisoma barua yako nilicheka mpaka Balbina akaja kuuliza kuna nini, na mtoto wake wa kichwa akaamka. Huku ni salama, jua kali, mto umepungua na kambale wanashikwa kwa mikono.

Jina si letu, dada. Mbwa alikuja nalo. Mke wa Mzungu ndiye aliyempa, na ni jina la watu kwao. Nilimuuliza Sista Mswisi wa zahanati, akacheka kuliko mimi. Anasema kwao wanawake wanaitwa Juta kama sisi tunavyoitwa Domitila, tena yuko mwenyeheri wa jina hilo mbinguni. Huko Uswisi halina maana ya kujuta hata kidogo. Kwa hiyo wewe umemkasirikia mwenyeheri.

Nilijaribu kumbadilishia jina. Nilimwita Kamata, nikamwita Mzungu, nikamwita Neema. Hata sikio hainui. Mama naye siku ya kwanza alipolisikia jina kwa Melkiori alikataa kulitamka. Wiki nzima alimwita "wewe". Mwishowe mbwa akaenda mtoni hakurudi mpaka jua linazama, ndipo mama akasimama uani akaliita kwa sauti, na sauti yake haikuwa nzuri. Mimi nimekuambia nilichokiona.

Lakini ngoja, wewe uliye mbali ndiye wa kuona wivu? Njoo ukae hapa. Tangu baba afariki kichwa cha samaki ni changu, unajua, mama hapendi mifupa. Ijumaa nimepika kambale, nimepakua, nageuka kuchukua chumvi, kichwa hakipo. Kiko chini, kwa Juta. Namwangalia mama, ananiambia, "Mtoto wa watu amekonda." Mtoto wa watu! Mimi nikikohoa husema nimekunywa maji ya baridi. Mbwa akikohoa anachemshiwa majani. Jioni anamkanda shingo kwa mafuta ya nyonyo huku anamsimulia habari za ujana wake ambazo mimi sijapata kusimuliwa. Nasikia nikiwa jikoni. Inabidi nisikilize kupitia ukuta ili nimjue mama yangu.

Gauni limekwisha, nimelifunga na barua hii. Mama anakusalimia.

Apolonia


Kimamba
7 Oktoba 1956

Mdogo wangu,

Gauni limemkaa vizuri, analala nalo. Fridolin amecheka siku mbili kwa ajili ya huyo mwenyeheri wako. Samahani kwa maneno yangu. Si yote, lakini ya jina nayafuta.

Kama ni kweli mama hana neno nami, basi aje. Nimemwomba tangu Brigita azaliwe. Aje kabla ya masika, barabara ikingali kavu. Fridolin atampokea Kilosa, hatatembea hata hatua moja kwa mguu ule. Akae mwezi, akae mwaka. Wewe umekaa naye maisha yako yote, huwezi kuninyima mwaka mmoja.

Umekwepa tena swali langu. Umeandika kurasa tatu za mbwa.

Klementina


Lumemo, Ifakara
18 Novemba 1956

Dada Klementina,

Shikamoo. Tumesafisha shamba, tunangoja mvua. Balbina anakushukuru kwa shanga ulizomtumia.

Nimemsomea mama barua yako, neno kwa neno, pamoja na pale pa mwaka mmoja. Alisikiliza vizuri. Akasema, "Na Juta nitamwacha na nani?"

Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake na sufuria mkononi. Nikangoja labda atanyanyua macho anione. Hakunyanyua. Nikasema, "Mama, mimi nipo." Akasema, "Wewe humpendi." Ni kweli simpendi. Lakini alimfikiria mbwa atabaki na nani, hakufikiria mimi nitabaki na nani. Dada, nimekataa posa mbili kwa sababu ya mguu ule. Antoni fundi seremala alikuja mara mbili na mjomba wake, nikasema mama hana mtu. Sasa ana mtu, ana miguu minne.

Tena kumekuja habari. Yule Mzungu harudi. Amepata kazi kwao. Amemwandikia Padre kwamba mbwa abaki na huyo anayempenda. Padre alipomwambia, mama alichinja kuku. Kuku, Klementina! Sikukuu ya mtakatifu somo wangu huwa sipikiwi hata yai. Tukamla yule kuku, na mapaja yote mawili unajua yalikwenda wapi.

Mchukue. Si mama, mbwa. Kwenu kuna ghala, kuna panya, kuna mtoto wa kucheza naye. Kila siku ninamwona amelala juu ya miguu ya mama, pale pale nilipokuwa nikikaa mimi nikiwa mdogo. Sitaki kumpiga. Nimekaribia. Afadhali aondoke kabla sijawa Melkiori.

Apolonia


Kimamba
6 Desemba 1956

Apolonia,

Mlete. Ghala la kamba hapa lina panya wakubwa kama sungura, na Fridolin anasema teria mmoja anatosha. Dereva wa lori la huko, Raimundi, huja Kilosa kila baada ya wiki mbili, mpe yeye. Usishauriane sana na mama, mtabishana bure.

Krismasi njema. Brigita anamngoja mbwa.

Klementina


Lumemo, Ifakara
27 Januari 1957

Klementina,

Sikuamkii. Nimeshazaliwa na mama mmoja na wewe, inatosha.

Nilifanya ulivyosema. Jumapili ya kwanza ya mwaka mama yuko misa, nikampeleka Juta kwa Raimundi. Hakubweka. Alifikiri tunatembea. Nilimpandisha kwenye lori kati ya magunia ya mchele, akanilamba mkono, na mkono huo nikaufuta kwenye gauni njia nzima.

Mama alirudi, akaita. Akaita tena. Nikamwambia yuko kwa Klementina, amekwenda kumwona Brigita, anapendwa huko. Nilidhani atanifokea. Nilijitayarisha kwa matusi, nilikuwa na majibu yangu. Wiki mbili, dada, alikula nilichompa, akasema asante kama mgeni. Na mimi, Mungu anisamehe, bado nilifurahi, nikajiambia atazoea, atanigeukia mimi. Nilifikiri nikimwondoa mbwa nitabaki na mama.

Juzi Ijumaa nimetoka kuchota maji, namkuta amefunga kikapu. Kanga mbili, rozari, chupa ya mafuta ya nyonyo. Anauliza Raimundi anaondoka lini. Anaondoka leo alfajiri, naandika kabla hakujapambazuka. Barua hii naitia kikapuni mwake, hajui imeandikwa nini.

Ndivyo ulivyopanga. Usikatae. Panya wakubwa kama sungura! Ulijua ukimpata mbwa mama atamfuata. Nami nikakutegea mtego wako kwa mikono yangu. Lakini usijisifu: miaka minne ameitwa na mjukuu hakwenda, ameitwa na mbwa anakwenda na mguu umevimba.

Na kwa kuwa umenichukulia kila kitu, chukua na hili. Ulikuwa unauliza mama anasema nini juu yako. Nikuambie. Anasema Klementina alikuwa anapika wali mtu anaunusa toka Mlabani. Anasema Klementina angeifua vizuri zaidi shuka hii. Anasema Klementina alikuwa na sauti kanisani, tangu aondoke upande wa wanawake umekufa. Anasema neno lile la mlangoni lilimtoka kwa hasira, angelikuwa na uwezo angelimeza. Kila siku! Miaka saba nimekula ugali wangu na jina lako. Sikukuandikia kwa sababu ulikuwa na mume, na mtoto, na nyumba ya bati, nikaona hili moja wacha likukose.

Sasa unalo.

Apolonia


Kimamba
24 Machi 1957

Mdogo wangu Apolonia,

Mama alifika salama, mguu umevimba lakini anaendelea vizuri. Aliposhuka lorini mbwa alimrukia mpaka akakaa chini. Akambeba, na akiwa na mbwa kwapani akamwangalia Brigita muda mrefu, akasema, "Na huyu ndiye wangu?" Brigita akamwambia, "Ndiyo, na mbwa ni wangu." Sasa wote watatu wanalala mkeka mmoja.

Nilifanya hila, ni kweli. Nilimvuta mama kwa kamba ya mbwa. Sikujua njia nyingine, na ningefanya tena.

Barua yako niliisoma nyuma ya nyumba ili Fridolin asinione. Ulitaka kuniumiza, na umeniumiza, maana miaka saba ningeweza kulala vizuri. Neno lile alitaka kulimeza, na wewe ulijua, ukaniandikia habari za nguruwe na mtoto wa Balbina! Kila siku nilikuwa naamka nikimwona mama amesimama mlangoni, Apolonia. Uliona barua zangu zinauliza, ukazikunja.

Basi sikia yaliyonipata. Siku nne za kwanza nilikuwa mtoto tena. Siku ya tano nimepika wali, mama akaonja, akasema, "Apolonia wali wake hauna maji." Nikafua, akasema Apolonia hukamua mara mbili. Nimemkanda mguu, akasema mikono ya Apolonia inajua mahali. Brigita akianguka anaambiwa ainuke kama shangazi yake, na nikisema si shangazi, ni mama mdogo, ananiambia nisimfundishe. Mimi niko mbele yake, ninapumua, na anazungumza na wewe uliye Lumemo. Nimegundua ugonjwa wake sasa: mama yetu humpenda mtu akishaondoka. Aliye karibu ni wa kuchota maji.

Mbwa tu ndiye anapendwa akiwa palepale. Namwangalia na siachi kumwonea wivu.

Jumamosi tulikuwa tunachambua mchele, mimi na yeye. Akasimamisha ungo, akasema neno juu yako. Si la kupika wala kufua. Nimeishi miaka thelathini na tano, sijapata kumsikia akimwambia mtu neno kama hilo, mimi wala baba. Nilikwenda nje nikalia, sikulia kwa furaha yako.

Sitaliandika. Langu ulilificha miaka saba. Lako nimelikalia.

Dada yako,
Klementina


Lumemo, Ifakara
9 Juni 1957

Dada Klementina,

Shikamoo.

Barua yako imefika jana. Masika yalikata barabara, Raimundi anasema ilikaa Kidatu ndani ya lori lililozama matope. Huku mto uliingia mpaka kwenye mlango, umetoka. Panya wamerudi ghalani wote. Mpunga nimevuna peke yangu, na Antoni alinisaidia siku tatu, usiulize zaidi.

Nimeisoma mara nne. Nimekaa nayo usiku wote hadi nikachoka kuwa na hasira nawe. Uliyosema kuhusu kuficha ni kweli. Nilikuwa nikiandika "mama anakusalimia" na kalamu ilikuwa nzito, lakini niliandika. Nisamehe. Ukishindwa, nisamehe nusu.

Neno lenyewe usiliandike. Nilitaka kukuomba, nikaona hapana, utalipunguza, nami ningelipunguza kama lingekuwa lako. Nakuja. Mchele nimemwachia Balbina, kuku nimemwachia Balbina, barua hii naitanguliza na Raimundi kesho, na safari yake ijayo, baada ya wiki mbili, ananichukua. Nina umri wa miaka thelathini na mmoja, nimekaa na mama yangu miaka yote hiyo, na nataka kulisikia mara moja kwa masikio yangu.

Lakini mbele yangu hatalisema. Wewe mwenyewe umeujua ugonjwa wake. Akiniona tu ataniuliza kama nimefunga ghala, na itakuwa basi. Kwa hiyo nakuomba, dada, kwa yale tuliyofanyiana. Usimwambie kwamba naja. Fridolin anipokee Kilosa kimya kimya. Mbwa mpeleke mbali, kwa kuwa harufu yangu anaijua, atakuja mbio na kunifichua. Kisha kaa na mama mchambue mchele kama siku ile, umuulize taratibu, "Mama, Apolonia ni mtu gani?"

Mimi nitakuwa nyuma ya mlango.

Apolonia